Nitarudi na Ndege

3 Oktoba

Dada,

Hujambo? Sisi wazima, na wanao wananenepa. Wajuzi wa ndege duniani tuko wawili: mimi, na Aliyewaumba. Naye huniuliza mara mojamoja.

Korongo wametua bwawani nyuma ya karakana. Wametoka mbali mno, wamesimama kwa mguu mmoja kama fundi mkuu akisubiri chai. Kila jioni nikifunga kazi nawapeleka wanao. Nimewafundisha kuinama, kunyamaza, kutazama shingo kwanza halafu mdomo. Ndege nisiyemjua namwita Binamu wa Korongo. Kaka mtu kanishtukia, anauliza ni ukoo gani huu wenye mabinamu watupu. Kitinda anatazama tu, haondoki mpaka nimbebe.

Mdogo wako, Profesa wa darasa la sita

12 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wanangu. Mimi mzima, mikono tu imechubuka kwa sabuni za hapa kazini. Nimecheka mpaka msimamizi akaja kuchungulia. Msiwashtue hao ndege; aliyetoka safari ndefu haamshwi.

Ila kuna jambo. Nilimwahidi Kitinda nitarudi na ndege mwezi huu. Likizo nimenyimwa hadi mwakani. Mwambie wewe, taratibu. Maneno unayo.

Dada yako

4 Novemba

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Mbona kimya? Nimepiga simu kwa jirani. Kaka mtu alikuja kuongea, Kitinda alikataa. Ulimwambiaje?

Dada yako

11 Novemba

Dada,

Shikamoo. Ukiona nimeanza na shikamoo, ujue mambo yameharibika. Mwili mzima, uso ndio sina.

Sikumwambia. Kila siku nilisema kesho. Kumbe mtoto ana hesabu yake: mama kasema atarudi na ndege, na ndege si hawa hapa? Jioni moja kaoga, kavaa gauni ulilomtumia, kaketi bwawani akichungulia mgongo wa kila korongo. Kaka mtu ndiye aliyenieleza, huku anacheka. Mimi nikakimbilia bwawani.

Giza likaanza kuingia, hataki kutoka. Nikamwambia, "Mama hayumo humo."

"Bado hawajamaliza kushuka," akanijibu.

Mwenye maneno nikafuata nyundo kwenye karakana. Nikaokota bati, nikaligonga. Wakaruka wote, na hawajarudi. Nilidhani wakiondoka ataingia ndani.

Aliingia, dada. Mlangoni akageuka: "Mjomba, umemfukuza mama."

Hadi leo sijamweleza ni ndege ipi uliyosema, wala kwamba huji. Profesa mzima, nimeliogopa somo hilo moja.

Mdogo wako