Mto Niliouchora Barabara

Mama, bwakire buya. Natumai migomba yako hapo Nyakoe bado inanyeshewa, maana huku Kitui hata wingu sijaliona.

Tunachora ramani ya mashamba ili wenyeji wachague pa kujenga bwawa. Kwenye picha iliyopigwa kutoka angani niliona ukanda mweupe, mpana, umepindapinda kati ya mashamba ya mtama. Nikauchora kama barabara. Wiki nzima tumeukatiza kwa miguu, mchanga ukijaa viatuni.

Leo nimemkuta mama mmoja ameketi katikati yake. Nikamwambia kwa adabu, "Mama, toka hapo, gari litakugonga."

Alicheka hadi akashika mbavu. "Gari gani hilo, mwanangu? Huu ni mto!"

Akafukua mchanga kwa kikombe. Shimo likajaa maji polepole, akanitekea. Ni baridi, Mama, na matamu kama ya chemchemi yetu.

Akaniuliza jina. Nikamwambia naitwa Kwamboka, yaani kuvuka, kwa sababu mama yangu alinizaa njiani, alipokuwa ametoka tu kuvuka mto.

"Basi na wewe umevuka wetu wiki nzima, na hukujua!"

Nimeifuta barabara na kuchora mto kwa rangi ya buluu. Bwawa sasa lina mahali. Acha kuogopa kwamba nitakufa kiu. Na wenzako sokoni wakikuuliza habari zangu, waambie Kwamboka bado anavuka mito, ila siku hizi halowi miguu.