Betri ya Jumamosi

St Marys, Sydney
Julai

Shangazi yangu Cherotich,

Chamgei. Natumaini goti lako limetulia na ng'ombe wanapata malisho. Mimi sijambo kabisa, ila baridi ya huku, haina theluji lakini inang'ata masikio.

Nimeilaza pikipiki, Shangazi. Nilivumilia weee, lakini kwenda kazini hospitali ya Westmead alfajiri vidole vimekufa ganzi, nikasema potelea mbali, hadi Septemba nitapanda treni. Najua utanicheka, wewe uliyepeleka chanjo milimani kwa pikipiki ya zahanati, matope hadi kiunoni.

Nilifanya kama tufanyavyo nyumbani: nikanyonya petroli yote kwa mpira, maana tangi lililojaa ni karamu ya wezi. Cirhuza alipoona alishika kichwa. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, anafanya kazi kwenye ghala hapa karibu, na tunaimba naye kwaya kanisani. Akaniambia tangi tupu huota kutu ndani. Basi tukalijaza pomoni na dawa ya kuzuia petroli isiharibike, tukabadilisha oili, tukapaka mnyororo mafuta, tukaziba ekzosi kwa soksi yangu kuukuu ili panya wasihamie. Betri akaitoa, akaiweka jikoni kwangu, akasema atapitia kila Jumamosi kuichaji.

Na kweli anapitia. Anachomeka chaja, tunakunywa chai, anabishana nami eti ugali wao wa muhogo unaushinda wetu. Thubutu! Jirani yangu Belyse, Mrundi mwenye mdomo, ameshaniuliza kama betri hiyo ni ya pikipiki au ya treni.

Sasa nikwambie ukweli, Shangazi. Betri ile yatosha kuichaji mara moja kwa mwezi. Imejaa tangu Jumamosi ya kwanza. Yeye anajua, nami najua. Juzi hakuichomeka hata kidogo. Aliniuliza kama watu wake wanaweza kuja kupiga hodi kwa Baba. Nampenda, Shangazi. Nilimwambia ndiyo, lakini pia nikamwambia kuwa bila neno la Baba siendi popote. Na Baba unamjua: aliapa hatamkaribisha maziwa ya mursik mkwe ambaye yeye Baba hamjui hata babu yake.

Binti hamwambii baba mambo haya, kwa hiyo wewe ndiwe mdomo wangu. Mwambie kijana ameshajua kusema chamgei, ingawa anaivuta kama wimbo wa kwaya. Ukiona amenuna, msimulie habari ya tangi. Baba hupenda mtu anayetunza chombo, hata kisicho chake.

Wasalimie wote, na Mama umbusu kwa ajili yangu. Tafadhali usikawie kunijibu. Septemba betri inarudi kwenye pikipiki, na mimi sitakuwa na sababu nyingine ya kumfungulia mlango.

Binti wa kaka yako akupendaye,
Chepkoech