H Iliyoniponyoka

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanangu wote. Hamjambo huko? Mama anaendeleaje? Mimi mzima wa kula na kusema, mengine utayasoma humu.

Nimenunua kibodi mpya ya kazini. Usicheke. Ni ndogo, inaingia kwenye mkoba, imekatwa vipande viwili, na kila kitufe kina springi yake, ukikibonyeza kinalia ta! Wapiga chapa wenzangu hapa mahakamani wanasema nakaanga bisi. Unajua vidole vilivyonitesa tangu mwaka jana. Fundi kompyuta aliniambia kwa hii sitavinyoosha tena kufuata herufi, maana herufi zenyewe zimesogezwa chini ya vidole. Irabu zote zimekaa kushoto, bega kwa bega. H imepewa kidole cha mwisho cha kulia. Mwanzoni nilikuwa mtoto wa chekechea kabisa, kisha nikazoea, hata nikaanza kuringa.

Basi juzi shahidi mmoja alieleza kuwa mshtakiwa, fundi viatu, alimfokea ndugu yake, hakumpiga. Nikapiga chapa. Hakimu aliposoma maelezo kwa sauti, ikatoka: alimfokea ndugu yake, akampiga. H ilikuwa imeniponyoka, na mahali pa u nimegonga a, jirani yake. Fundi viatu alishika ukingo wa kizimba akalia kwamba wanataka kumfunga bure. Shahidi naye akaruka, akasema hayo si maneno yake. Yakasahihishwa, namshukuru Mungu. Lakini karani mkuu aliniita akasema niache maajabu yangu, nirudi kwenye kibodi ya ofisi, la sivyo nimwachie mwingine kiti. Nikailaumu kibodi mbele ya kila mtu.

Dada, nimeisingizia. Ile H nilidhani nimeibonyeza. Kidole hakihisi kitu. Nimekichoma sindano, damu ikatoka, nami natazama tu kana kwamba ni cha mtu mwingine. Daktari aliniuliza kama kwetu kuna aliyeanza hivi. Nikamweleza mama alivyoanza kwa kuangusha vikombe, na kwamba leo analishwa. Akaendelea kuandika. Kibodi ya ofisi vidole havifiki, na hii ndiyo ilikuwa tumaini langu la mwisho. Kazi nyingine siijui. Nimekwisha, dada, naogopa.

Mama asijue, tafadhali. Atasema ni yeye aliyenipa.

Na wewe nijibu kweli, usinifiche kwa kuwa mimi ni mdogo. Nilipokuja kwako uliniambia nimfunge mwanao vifungo vya shati, ukasema una haraka. Hukuwa na haraka, dada. Ulikuwa umekaa, mikono umeikalia.

Nisalimie shemeji, na umshike mama mikono kwa niaba yangu. Nangoja neno lako.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku