Yupo, Amelala

4 Februari

Mdogo wangu Kobe,

"Baharini hakuna mpweke, Dada. Wapweke wako mjini, wamepangana ghorofa kwa ghorofa." Hayo umeniandikia wewe, kwa mkono wako, nami nayajibu kabla hata ya kukusalimu, kwa sababu yananiwasha tangu nilipofungua bahasha. Si kweli. Mtu aliyefiwa na mke, akafunga karakana yake ya makabati, akapanda mashua peke yake kwenda kuzunguka visiwa vya watu, huyo ni mpweke hata akizungukwa na samaki elfu. Hujauacha upweke. Umeuvalisha kaptula tu ukautoa matembezi.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza siasa zake. Ngazi za ofisini nazipanda moja moja, kama bibi harusi. Safu yangu gazetini inaendelea, na yuko waziri mmoja ambaye bado ananichukia, kwa hiyo moyo umetulia.

Nasikia mko mashua kumi na kitu, mnaandamana kisiwa hadi kisiwa. Wastaafu, wajane, watu waliouza nyumba. Asubuhi mnaogelea, jioni mnatembeleana na kusifiana nguo. Nani anafua huko? Nani anamwambia mwenzake ukweli? Watu wasiogombana hata siku moja si ndugu hao, ni abiria.

Watu wananiuliza habari zako. Nawajibu, "Hajambo, anaendelea vizuri." Nasema tu. Sijui.

Tumebaki wawili, Kobe. Baba hayupo, Mama hayupo, na wifi yangu uliyemzika kwa macho makavu hayupo. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Rudi nyumbani.

Kwenye simu ungenikatia. Barua haikatiki. Jibu.

Dada yako

&nbsp;

26 Februari

Dada yangu mgomvi,

Shikamoo. Na goti nalo shikamoo, maana naona limeshakuzidi cheo. Mimi sijambo, kifua kimepona. Barua yako nimeikuta ofisi ya bandari, karani alinikabidhi akisema, "Hii nzito." Nikamwambia hajaisoma bado.

Umeuliza nani anafua. Nafua mwenyewe, kwa maji ya chumvi, na suruali zikikauka zinasimama zenyewe kama askari wa zamu. Umeuliza nani anasema ukweli. Jana mwenzangu mmoja aliniambia supu yangu inafaa kuzibia nyufa za mashua. Umeridhika?

Sasa nisikilize, usinikatize kichwani mwako. Kila asubuhi, kabla ya chai, kila mmoja anawasha redio ya chomboni. Tuna mama mmoja mstaafu wa hospitali, tunamwita Matroni. Yeye ndiye anayeita majina ya mashua, moja moja, kama wodini. "Mkwe Hajui!" Hiyo ni ya wapenzi wawili waliooana uzeeni, wanajibu, "Tupo!" "Tutaonana!" Hiyo ni ya Daktari wa Meno na mkewe, "Tupo!" Halafu anaita, "Bado Kidogo!" nami nasema, "Nipo." Asiyeitika, wote tunang'oa nanga kwenda kumtafuta. Hatuna sheria nyingine.

Jina hilo unajua lilikotoka. Miaka yote ile nikiiunda mashua nyuma ya karakana, marehemu alikuwa akipita na chai anauliza, "Bado?" Namjibu, "Bado kidogo." Hakuwahi kuipanda. Tangu aondoke, Dada, hakuna mtu aliyetaka kujua kila asubuhi kama nimeamka. Huku wanataka kujua.

Na nikizidiwa na usingizi, Daktari wa Meno ananiitikia. Tunatia nanga jirani. Anashika redio yake anasema, "Yupo, amelala kama gogo!" Kundi zima linacheka, nami naamshwa na kicheko. Yeye akiwa chini ya maji anasugua tumbo la mashua yake, namwitikia mimi. Niambie, huko mjini nani amewahi kukuitikia wewe?

Njoo uone. Wiki mbili tu. Ukimaliza ukaniambia nimekosea, nauza mashua, narudi kwenye chumba chako cha nyuma, na sibishani. Unanijua; sijawahi kukuahidi kitu kama hicho.

Mdogo wako,
Kobe

&nbsp;

19 Machi

Kobe,

Marahaba. Goti pia linaitikia, kwa shingo upande.

Nimeisoma barua yako na kalamu nyekundu mkononi, kama ninavyosoma hotuba za wakubwa. Hoja ya kufua ni dhaifu. Hoja ya supu naikubali, niliwahi kuila. Lakini pale kwa Daktari wa Meno kalamu ilisimama. Mtu amelala, hajui lolote, na mwenzake anamsemea mbele ya wote kwamba yupo. Nimeandika miaka mingi juu ya ujirani uliokufa mijini, nikapigiwa makofi kumbini, na ghorofani kwangu simjui hata jina mama wa mlango wa pili. Hapo umenishinda. Usizoee.

Nakuja. Nimeomba likizo, mhariri akaniuliza, "Unaumwa?" Nikamwambia naenda kupanda mashua. Akasema, "Basi unaumwa."

Masharti yangu: siogelei. Supu napika mimi. Na goti hili haliwezi ngazi ya kamba. Ukinitundika kama nguo mbele ya wastaafu wako, narudi na meli ileile. Tena usijidanganye kwamba nimebadili msimamo. Nakuja kukuchukua. Lakini nitasikiliza kwanza, na hilo sijawahi kumwahidi mtu.

Dada yako

&nbsp;

7 Aprili

Dada, Dada, Dada,

Shikamoo mara tatu! Mimi ni mzima kuliko nilivyowahi kuwa. Nimewatangazia redioni leo asubuhi: "Dada yangu anakuja, tengenezeni sentensi zenu, huyu anaandika magazetini." Matroni akauliza kama unang'ata. Daktari wa Meno akasema uking'ata ataangalia fizi.

Kitanda chako ni kile cha mbele, ambacho marehemu alikichagulia godoro. Hakuna aliyekilalia. Nimekupigilia na taa ya kusomea.

Ngazi ya kamba isikutie hofu. Nakuundia ya mbao, yenye vidato vipana na mahali pa kushika, hata Mama angeipanda na kikapu chake. Kimebaki kidato cha mwisho, kile kinachozama majini, nacho kinataka ubao mgumu ambao sina. Kisiwa cha pili yuko muuza mbao. Nitavuka na kiboti changu cha mpira na redio yangu ndogo ya mkononi, ni hapo kama pua na mdomo.

Na jambo moja. Asubuhi yako ya kwanza, Matroni akiita, usiniache nijibu peke yangu. Wengine husema "Tupo". Mimi tangu nianze safari hii sijawahi kulisema neno hilo. Anza mazoezi.

Mdogo wako asiyelala kwa furaha,
Kobe

&nbsp;

2 Mei
Ndani ya Bado Kidogo

Kobe, mdogo wangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako nimeonyeshwa, chini ya shuka jeupe, na askari wa doria ya baharini aliyevua kofia kabla ya kulifunua.

Nilishuka melini nikitafuta kaptula yako gatini. Alikuwapo mama mnene mwenye kofia ya majani, analia bila kujifuta. Nikajua ndiye Matroni. Nikajua na yaliyobaki.

Nakuandikia nilivyoelezwa, ili kama kuna uongo uunyooshe. Ulivuka mchana, ukanunua ubao. Ulipokuwa unarudi, injini ya kiboti ilizima, na mkondo ukakubeba nje ya visiwa. Hakuna aliyekuona. Asubuhi Matroni aliita, "Bado Kidogo!" Kimya. Daktari wa Meno akatazama huku kwako, akaona mlango wa chumba uko wazi na shati lako limeanikwa; kiboti hakukikumbuka. Akashika redio. "Yupo, amelala kama gogo!" Wakacheka. Wakanywa chai.

Asubuhi iliyofuata Daktari na mkewe walikuwa wamekwenda sokoni. Matroni akaita. Kimya. Mwanamume wa Mkwe Hajui akasema, "Yupo, anaunda ngazi ya dada yake." Huyo hata hakutazama.

Jioni yake Daktari alikuletea kahawa. Akagusa birika lako, akalikuta baridi, kavu, lina kutu mdomoni. Ndipo wakang'oa nanga, wote, wakakutafuta mpaka askari walipokupata wao. Umejilaza juu ya ule ubao. Ulikuwa umeufunga kwa kamba usije ukapotea.

Daktari wa hospitali ameniambia ni kiu na jua. Nikamuuliza, asubuhi ile ya kwanza alikuwa hai? Akasema, "Alikuwa hai, mama. Na ya pili pia."

Mkononi walikukuta na ile redio yako ndogo, betri imekwisha. Nikaipeleka kwa fundi wa redio pale bandarini. Nilimuuliza mbona hukuita msaada.

"Aliita," akasema. "Bila shaka aliita. Lakini redio hizi ndogo, mama, zinasikia mbali kuliko zinavyoweza kusema. Zile za kwenye mashua zina nguvu, na waya wake uko juu ya mlingoti. Wao hawakumsikia."

"Na yeye aliwasikia wao?"

"Huenda."

"Alisikia akiitwa jina?"

"Huenda, mama."

"Na akasikia akiitikiwa?"

Fundi akainama akaanza kutafuta kitu mezani ambacho hakikuwapo.

Daktari wa Meno amekuja leo. Amekaa ngazini kwako, kwenye kidato cha juu, hakuthubutu kuingia. Akasema, "Dada, nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja."

Nikamwambia, "Najua. Ungempenda kidogo tu pungufu, ungekwenda kumchungulia."

Nilitaka ajibu, Kobe. Nimegombana na mawaziri, na maprofesa, na maaskofu, na huyu mzee mwenye mikono laini alikaa tu akikishika kile kidato kama anakizuia kisianguke. Mwishowe nilimpa chai. Kikombe ni chako, sina kingine.

Uliandika kwamba baharini hakuna mpweke. Nilikupinga, kisha nikakubali, na nilichokikubali ndicho kilichokuua. Ningechoma kila safu niliyowahi kuandika ili barua yangu ya kwanza iwe ndiyo yenye makosa.

Kitanda cha mbele nimekilalia. Godoro ni zuri. Wifi alijua kuchagua.

Barua hii haiendi posta. Matroni ameniahidi kuisoma redioni kesho asubuhi, neno kwa neno, kabla ya kuita majina. Kwa hiyo sasa nasema nanyi.

Daktari wa Meno, Mkwe Hajui, Matroni, na ninyi nyote mnaonisikia mkiwa na vikombe mkononi: sitaki maua majini, wala msiipe mashua nyingine jina lake. Nataka muache kuitikiana. Aliyelala, aamshwe. Aliye chini ya maji, asubiriwe mpaka atoke. Asiyeitika kwa mdomo wake mwenyewe, mng'oe nanga mwende, hata mkimkuta anakoroma, hata akiwatukana kwa kumkatizia ndoto. Matusi yake ndiyo habari njema.

Nawe Matroni, ukimaliza kusoma, ita kama kawaida. Bado Kidogo usiiruke kwa kunionea huruma. Iite kwa sauti ileile. Kisha nyamazeni, wote, mtu yeyote asimsemee, mpaka kila mmoja wenu asikie vizuri kwamba hakuna aliyejibu.

Dada yake