Mwethya wa Kiwandani

Jumanne, 14 Januari 2025

Leo Mbooni imenisikia! Ubia wa Ajira umezinduliwa uwanjani pa kanisa: kiwanda cha kukausha maembe, chuo cha ufundi, na sisi wananchi. Vijana watafunzwa kazi kiwandani miezi mitatu, kisha wapewe cheti na kandarasi. Mimi nilikuwa mkalimani. Meneja wa kiwanda, Bwana Muthama, alisema “mafunzo kwa vitendo” — wazee wakatazamana. Nikatafuta neno la Kikamba lenye uzito, nikalipata: mwethya! Kazi ya bega kwa bega, jinsi mama zetu walivyochimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko bila kudai chochote. Vigelegele! Kwa mara ya kwanza tangu nihitimu, nilijiona mtu wa maana.

Dada yangu Katunge anaacha cherehani anayokodi sokoni ili ajiunge. “Komredi, ukinidanganya nitakushona mdomo.”

Jumatano, 9 Aprili

Mafunzo yalikwisha Ijumaa. Leo Katunge na wenzake thelathini walifuata kandarasi zao. Geti halikufunguliwa. Muthama alitoka, mpole kabisa, na kumbukumbu za ule mkutano wa uzinduzi mkononi. Mafunzo gani? akauliza. Katibu aliandika mwethya. Tangu lini mwethya ukawa na kandarasi? Na si mlipiga vigelegele nyinyi wenyewe?

Katibu aliandika nilichosema mimi, si alichosema Muthama.

Neno langu! Wamelifanya kufuli.

Alhamisi, 10 Aprili

Chuoni, Bi. Mutanu, mwalimu mkuu, ameniambia vyeti ni vya wanafunzi walioandikishwa, hawa hawakuandikishwa, niulize kiwanda. Kiwanda kikanirudisha chuoni. Ndio ubia wenyewe: kila mmoja amepata mwenzake wa kusingizia.

Nikahutubia getini. Nilizungumzia utu, jasho, unyonyaji uliovishwa suti. Hotuba safi. Wasikilizaji wanne, mmoja akiuza ndizi. “Shuka kwa hilo jiwe, Kyule, unazuia wateja.”

Katunge alirudi sokoni kuomba cherehani yake. Mshonaji mwingine, Kanyiva, ameshaketi pale. “Hata kiti amekiinua,” Katunge alisema.

Jumatatu, 14 Aprili

Barua kutoka kwa Muthama. Awamu ya pili inaanza mwezi ujao, na Ubia unahitaji mratibu wa uhamasishaji, mwenye mshahara wa kila mwezi. Mimi! Ajira moja tu imezaliwa na ubia huu, na amepewa aliyelitamka lile neno. Fomu ya majina thelathini na moja ya vijana wa awamu hiyo imeambatishwa; nikiijaza, nimekubali.

Mama ameshatoa shukrani kanisani.

Nimeandika barua ya kukataa mara mbili. Zote nzuri mno. Zote za uongo.

Katunge ameingia sasa hivi, akaiona fomu.

“Uko na kalamu?”

Nikamwambia kazi hii siitaki.

“Nani amekuuliza unataka nini? Huko mchana tunakula bure. Na msimu wa maembe ukirudi, labda watanikumbuka. Niandike wa kwanza.”

Ni mwethya tena, Katunge. Hutalipwa.

“Mwethya unanifundisha wewe? Mimi si Mkamba? Andika.”

Amevuta kiti, ameketi mbele yangu, mikono mapajani kama mtu aliye ofisini. Anaitazama kalamu ikienda humu daftarini. Anadhani hiki ninachoandika ni jina lake.