Enjekteri za Papa Igihozo

"Weye ndiye ulitupa enjekteri zangu na takataka." Charline, Papa Igihozo ananiambia hivyo mbele ya fundi Kataliko. Mimi. Na takataka.

Unajua ile Mercedes yake ya zamani. Vita vilipoingia mjini alitoa enjekteri, vile vyuma vinavyorusha mafuta ndani ya moteri, ili wenye bunduki wasiondoke na gari. Akazificha, akasahau wapi.

Tuliagiza mpya, na muuzaji wa Kampala anataka namba iliyoandikwa juu ya zile za zamani, la sivyo atatuma tena zisizoingia. Na Igihozo anaolewa siku ya Samedi. Baba yake alimwahidi kumpeleka harusini na gari hilo.

Basi nikatoa suti yake ya ndoa yetu, mshonaji aipanue. Haimfungi tumbo tangu mwaka wa volkano. Mfukoni, ndani ya soksi, enjekteri sita. Sita, Charline.

Nikamuuliza, "Muzee, ulizificha ili wenye bunduki wasizione, ao weye ndiye usizione?" Kataliko alicheka mpaka akakaa chini. Papa Igihozo akajibu tu, "Suti ndiyo ilipungua."

Kataliko amezifunga, gari limewaka. Nikasema wa kuliendesha kwanza ni yule mtupa takataka, nikachukua ufunguo. Niko mbele ya geti lako, toka.