Macho ya Koko ni mazima

Alhamisi. Mvua imetunyeshea tangu asubuhi, barabara ya Mushaki ni tope tupu, na mimi moyo umekuwa mzito tangu saa nne.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kuwafundisha tena akina mama wa kituo chetu cha afya jinsi ya kutumia ukanda. Kwa wewe usiyeujua: ni ukanda mwembamba wa plastiki wenye rangi tatu, unazungushwa kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Kijani, mtoto yuko salama. Njano, chunga. Nyekundu, amekonda vibaya, mlete mbio. Hata asiyejua kusoma anaweza kumpima mtoto nyumbani. Ninalipenda somo hili. Nililipenda.

Mimi ni muuguzi wa utani mwingi. Wenzangu husema kwenye somo langu hakuna anayesinzia. Mwezi uliopita, nikifundisha hayahaya, niliona mtoto mmoja amefungwa kikamba mkononi, chenye kifundo cha mizizi ndani ya kitambaa. Mabibi wengi huku huwafunga wajukuu hivyo, na hakifunguliwi mpaka mtoto atembee. Nikasema kwa sauti, "Vikamba vyenu muviache ku nyumba! Hapa tunapima nyama, hatupimi uchawi!"

Walicheka hadi machozi. Nilijisikia vizuri sana.

Koko Mapendo naye alicheka. Koko ndivyo tunavyomwita bibi, na Mapendo si jina lake, nimelibadilisha. Alikuwa amempakata mjukuu wake Neema, wa miezi kumi, maana mama mtu hushinda shambani. Namkumbuka akicheka huku anavuta mkono wa sweta ya Neema ushuke chini. Niliona kwa macho yangu, nikaendelea na utani. Mwishoni nikauliza, "Mumesikia?" Wakajibu kwa pamoja, "Tumesikia!" Nikaandika kwenye fomu kwamba wote wameelewa.

Wiki tatu baadaye walimleta Neema. Alikuwa amekwisha kwa kukonda. Nilipomvua sweta nikakuta kikamba, palepale katikati ya bega na kiwiko, na kifundo kinene kama kidole gumba. Nikaelewa kabla hata ya kupima. Koko alikuwa akizungusha ukanda juu ya kifundo, mkono ukapimika mnene, ndiyo maana kila mara alipata kijani. Hakuthubutu kukifungua, na hakuthubutu kuniuliza afanyeje, kwa sababu alijua nitamcheka mbele ya watu. Nilikikata kwa mkasi, nikapima upya. Nyekundu.

Neema alifariki siku iliyofuata.

Tangu hapo, kila mtoto ninayemvua nguo, nauona mkono ule na alama ya kamba ilivyobaki kwenye ngozi. Nauona nikipika. Nauona nikisali. Sijamwambia mtu nilichokielewa siku ile.

Leo baada ya somo, Koko alibaki peke yake kwenye benchi. Nilidhani amebaki kunisalimia. Akaniambia, "Docta, miye nilikuwa namupima kila siku ya soko. Ilikuwa rangi ya majani tu. Sasa mukamwana wangu anasema ndiyo miye niliua mutoto yake, hataki nikamate hata sahani yake. Uniambie kweli. Macho yangu iko inaona mubaya?"

Hakulia. Alikuwa anangoja jibu tu.

Nami nilikuwa nalo. Kosa ni langu, Koko. Maneno manne. Nikafungua mdomo, huu mdomo wangu hodari wa kuchekesha watu, nikasema, "Inaweza kuwa macho, Koko." Kisha nikamwandikia karatasi ya kwenda kupimwa macho mjini Sake.

Akanishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaitia karatasi kwenye pindo la kitenge, akaondoka.

Nina aibu ambayo sijui niiweke wapi. Mwanamke mwenye macho mazima amerudi kwake na karatasi yenye muhuri wa kituo na saini yangu, na mkamwana wake, mama wa Neema, ataisoma. Nimempa huyo mkamwana ushahidi.

Naogopa kufukuzwa kazi. Naogopa akina mama wataacha kuja, na wana haki. Ila zaidi naogopa uso wa Koko, pale atakapokumbuka nani alicheka siku ile na nani alichekwa.

Ninyi mnaosoma hapa hamkuniuliza kitu, na nimewaambia kweli yote. Yeye aliyeniuliza nimempa karatasi. Kwao ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na atatoka mapema kushuka Sake. Kesho lazima nimkute mlangoni kwake, nimwambie maneno yale manne, mkamwana wake akiwa anasikia.